Cheche za Mlimani: Lugha Mbili za Siasa za Mrengo wa Kushoto Mjini Dar es Salaam, 1966–1974

Utangulizi

Mnamo Novemba 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitoa toleo la kwanza la jarida walilolipa jina la Cheche. Jina hilo halikuzuka hivi hivi. Lilirejelea Iskra, gazeti lililoasisiwa na Lenin na wenzake mwaka 1900, pamoja na The Spark, gazeti la wafuasi wa Kwame Nkrumah nchini Ghana. Majina yote mawili yana maana hiyo hiyo ya cheche. Hata hivyo, aliyelifungua jarida hilo alikumbana na kinaya fulani: jina lilikuwa la Kiswahili, ilhali makala zake nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza.

Makala hii inadhamiria kueleza chimbuko la kinaya hicho. Inapitia kwa ufupi maisha ya kisiasa na kitaaluma ya mji wa Dar es Salaam baina ya mwaka 1966 na 1974, kipindi ambacho mji huo ulisifika barani Afrika kama makao ya fikra za mrengo wa kushoto. Hoja inayojengwa ni kwamba siasa hizo zilikuwa na lugha mbili zilizogawana kazi. Kiingereza kilitumika kuhoji. Kiswahili kilitumika kuhamasisha. Mgawanyo huo ulipovunjwa, na wafanyakazi wakaanza kuhoji kwa Kiswahili, ndipo siasa za Mlimani zilipopata maana mpya mjini.

Mji wa Wapigania Uhuru

Ili kuielewa hali ya Mlimani, ni sharti kwanza kuutazama mji wenyewe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake makuu Dar es Salaam mwaka 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilikuwa kimeundwa papo hapo mjini mnamo Juni 1962. Vyama vya Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola navyo vilikuwa na ofisi zao. Malcolm X aliuzuru mji huo mwaka 1964. Che Guevara naye alijificha humo kwa miezi kadhaa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1965, baada ya mapambano yake kushindwa mashariki mwa Kongo.

Siasa hizo hazikuwa za maneno matupu. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Kijana aliyekuwa akisoma Mlimani wakati huo alijua fika kwamba mjadala kuhusu ubeberu haukuwa zoezi la darasani tu. Aliweza kukutana mjini na watu waliokuwa wakienda vitani na kurudi.

Mlimani: Kutoka Maandamano ya 1966 Hadi Cheche

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria pekee. Mwaka 1964 kilihamia kilimani nje ya mji, na hapo ndipo kilipopata jina la Mlimani. Umbali huo kutoka mjini haukuwa wa maili tu. Ulikuwa pia wa hadhi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwalazimisha wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Julius Nyerere alikasirika, akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300 na kutangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa, na viongozi wakawekewa masharti ya kutomiliki hisa wala nyumba za kupangisha. Katika mazingira hayo mapya, kundi dogo la wanafunzi liliunda jumuiya ya kimapinduzi iliyofahamika kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda aliyekuja kutwaa uongozi wa nchi yake mwaka 1986. Wanajumuiya walikutana asubuhi ya Jumapili, saa za ibada, kuyasoma na kuyajadili maandishi ya Marx, Lenin, Fanon na Nkrumah. Mwaka 1968 baadhi yao walifika katika maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa. Mwaka huo huo waliizuia sherehe ambapo wanafunzi huvaa matambara na kuzunguka mjini wakikusanya fedha za hisani, kwa hoja kwamba umaskini wa mtu si vazi la mzaha.

Miongoni mwa wahadhiri, aliyetia fora ni Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana. Alifundisha Mlimani mwaka 1966 hadi 1967, kisha akarejea mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa kilitolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House kwa ushirikiano na wachapishaji wa London. Wengine walitoka Uingereza, Kanada, Italia na kwingineko. Hapa panajitokeza sababu ya kwanza ya kinaya cha Cheche: jamii ya Mlimani ilikuwa ya mataifa mengi, vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza, na masomo yenyewe yalifundishwa kwa lugha hiyo.

Toleo la Cheche lililovuma kuliko yote lilitoka Septemba 1970. Lilibeba insha ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania. Shivji alihoji kwamba kutaifisha kiwanda si sawa na kuwapa wafanyakazi mamlaka juu ya kiwanda hicho. Bepari anaweza kuondoka mlangoni, na meneja wa serikali akakalia kiti kile kile. Mnamo Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina la jarida lilidokeza ujamaa wa Kirusi, ilhali Tanzania ilijenga ujamaa wake. Wahariri Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji hawakufungwa, na jarida jingine, MajiMaji, likatokea chini ya tawi la vijana wa TANU. Hirji alikuja kuisimulia historia hiyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2010.

Kiswahili cha Kuhamasisha

Wakati Mlimani ikihoji kwa Kiingereza, serikali ilikuwa ikijenga msamiati wa siasa kwa Kiswahili. Mnamo 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huo huo. Maneno ya kale yalipewa kazi mpya. Bepari, neno lenye asili ya Bara Hindi lililomaanisha mfanyabiashara, likawa jina la mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Kabaila, aliyekuwa mtu wa ukoo na heshima, akawa mmiliki wa ardhi anayewatumikisha watu. Beberu, dume la mbuzi, likawa taifa linalokandamiza mataifa mengine. Kitenzi cha kunyonya, kinachotukumbusha mtoto na mama yake, kikazaa unyonyaji. Kupe naye akatoka kwenye ngozi ya ng'ombe akaingia kwenye hotuba.

Nyerere mwenyewe alishiriki katika kazi hiyo kama mfasiri. Tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi aliichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kwa msomaji wa wakati ule, miaka miwili tu baada ya Azimio, neno mabepari halingeweza kusomwa kwa maana yake ya zamani pekee.

Aidha, mwaka 1968 Nyerere alikutana na washairi akawaomba walieleze Azimio kwa wananchi. Mathias Mnyampala aliitikia kwa kuukuza utanzu wa ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zikasambaa mashuleni. Umbo la ngonjera hizo linadhihirisha nguvu na udhaifu wa Kiswahili cha kuhamasisha. Wahusika wawili hujibizana: mmoja hana ufahamu, mwingine anao, mwishowe asiyefahamu hukiri kwamba ameelimika. Mjadala upo, lakini jibu linajulikana kabla ya beti za kwanza kukaririwa. Utanzu huo ulifundisha vizuri maana ya unyonyaji. Haukutoa nafasi ya kuuliza kama mnyonyaji mpya yumo ndani ya chama chenyewe. Swali hilo liliulizwa na Cheche, katika lugha ambayo mpagazi wa bandarini hakuisoma.

Mwongozo Mikononi mwa Wafanyakazi

Daraja baina ya lugha hizo mbili lilijengwa na hati ambayo huenda waandishi wake hawakuitarajia kufanya kazi hiyo. Mwezi Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda. TANU, kwa kuhofia yasije yakaikumba Tanzania, ilitoa Mwongozo mnamo Februari mwaka huo. Hati hiyo ilikuwa fupi, na iliandikwa kwa Kiswahili kilichoeleweka na kila mtu. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji.

Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo na kuishika. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda vya Dar es Salaam vilishuhudia migomo mingi, na jambo la kutiliwa maanani ni kwamba mara nyingi madai hayakuwa ya mishahara. Wafanyakazi walilalamikia mameneja waliowatukana na kuwadharau, na walifanya hivyo kwa kuitaja ibara ya Mwongozo kwa nambari yake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hadi ya kukitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Lugha iliyokuwa imetumwa kuwahamasisha ikawa lugha yao ya kuhoji. Hoja iliyoibuliwa na Shivji kwa Kiingereza mwaka 1970 ilijitokeza tena viwandani kwa Kiswahili, bila ya kuhitaji mfasiri.

Mlimani nako Mwongozo ulisomwa. Mnamo Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, aliandika barua ya wazi kuulaumu uongozi wa chuo. Askari wenye silaha walimchukua na akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakasusia masomo. Ilibainika kwamba nafasi ya kuhoji ilikuwa na mipaka yake, kwa lugha yoyote ile.

Fasihi kama Uwanja wa Mashaka

Mahali pengine ambapo Kiswahili kilijifunza kuhoji ni katika fasihi iliyoandikwa na vijana wa Mlimani wenyewe. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971. Tamthilia hizi mbili hazifungi mjadala kama ngonjera. Humwacha msomaji na swali la iwapo uhuru umemwondoa shetani ama umembadilisha sura. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyatazama matatizo ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa kupitia riwaya ya Gamba la Nyoka mwaka 1979.

Kwa upande wa Kenya, mgawanyo wa kazi baina ya lugha haukufuata mkondo wa Dar es Salaam. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968 kwa Kiswahili, na serikali ikamfunga kuanzia 1969 hadi 1972. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kuhoji tangu mwanzo. Alipoachiliwa alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Hitimisho

Mnamo Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika Mlimani katika Ukumbi wa Nkrumah. Rodney aliondoka Tanzania mwaka huo. Akaja kuuawa mjini Georgetown mwaka 1980. Kipindi kilichoelezwa katika makala hii kilikuwa kikielekea ukingoni.

Ni haki kuwakumbuka vijana wa Cheche kwa ujasiri wao, kwani walithubutu kuiambia serikali ya kijamaa kwamba ujamaa wake haujatimia. Ni haki pia kukiri kwamba waliozungumziwa katika kurasa hizo wengi hawakuweza kuzisoma. Shivji mwenyewe aliandika baadaye makala nyingi magazetini kwa Kiswahili. Historia ya Mwongozo inaonyesha kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kubebea fikra nzito: bepari, kabaila na mnyonyaji walikwisha kupata majina. Kilichopungua ni hati zilizomruhusu msomaji wa kawaida kuyageuza maneno hayo na kumwelekezea mkubwa wake. Ilipopatikana hati moja tu ya namna hiyo, ibara moja ilitosha kuwatoa wafanyakazi kiwandani. Kwa anayeandika taaluma kwa Kiswahili leo, swali lililoachwa na Mlimani si kama lugha inatosha, bali ni kama anachokiandika humwachia msomaji nafasi ya kumjibu.