Mwalimu aliyefundishia kitabu cha nyimbo

Historia ya marehemu ilikuwa kurasa mbili. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, chuo cha ualimu, ndoa, watoto saba, shule alizofundisha, kustaafu, kuugua. Aliyewahi kuzika Uchagani anaujua mpangilio huo, na anajua msimamizi wa ratiba huwa ameshika saa. Katika ukurasa wa pili ilipita sentensi moja, ikasomwa haraka kama nyingine: marehemu aliwafundisha kina mama wa usharika kusoma kwa kutumia kitabu cha nyimbo. Kisha tukaingia kwenye maradhi ya miguu, na kifo akiwa na miaka 91.

Sentensi ile haikuniacha. Kitabu cha nyimbo kinamfundishaje mtu kusoma? Wanawe hawakujua. Wakanielekeza kwa aliyeiandika, mwinjilisti mstaafu ambaye familia nyingi za huku Machame humwendea zikifiwa.

“Mwanangu, watoto huniletea vyeti,” aliniambia baada ya shikamoo yangu. “Cheti cha ualimu, barua ya ajira, barua ya kustaafu. Mimi nawauliza, mama yenu alikuwa akikaa na nani kanisani? Wananitazama tu. Basi nakwenda kuwatafuta mwenyewe.”

Ndivyo alivyompata bibi mmoja aliyejifunza kusoma kwa marehemu mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, na walimu wa shule za msingi, wakishamaliza na watoto, walirudi darasani kuwasubiri wazazi wao. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilifuata kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi. Lakini huku mlimani jioni ni saa ya majani ya ng'ombe, maji na kuni, na kina mama hawakufika. Jumapili ndiyo siku pekee waliyokaa kitako. Mwalimu akawashika hapohapo, ibada ikiisha.

“Alianza na namba,” alisema mwinjilisti. “Mbele ya kanisa upo ubao wa namba za nyimbo. Mama asiyejua kusoma anafungua kitabu popote, anaimba kwa kichwa. Ile ni aibu kubwa, na hakuna anayeitaja. Mwalimu akaanzia penye aibu. Ukiweza kufungua wimbo wa mia na ishirini mwenyewe, jirani yako wa benchi anakuona.”

Namba zilipoingia, wakaenda kwenye maneno. Nyimbo walikuwa wakizijua tangu utotoni, kwa hiyo sauti ilikuwa tayari kinywani. Kilichobaki ni kuijua sura yake kwenye karatasi. Aliwaimbisha polepole, kidole kikitembea chini ya mstari, silabi kwa silabi. Neno la kiitikio ndilo walilolitambua kwanza. Wakalitafuta kwenye ubeti wa pili, wakalikuta; wakalitafuta kwenye wimbo mwingine kabisa, wakalikuta na huko. Aliyekosea alijigundua mwenyewe, maana kidole kilifika mwisho wa mstari na wimbo bado unaendelea. Hapakuwa na haja ya kumsahihisha mtu mzima mbele ya wenzake, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililowarudisha Jumapili iliyofuata.

Alichelea pia wasije wakakariri tu. Baada ya wiki kadhaa aliwasomesha mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, au akawafungulia wimbo ambao hawajawahi kuuimba. Hapo wengine walilia. Bibi yule alimwambia mwinjilisti kwamba yeye alikuwa miongoni mwao, na kwamba Agosti 1975, siku ya mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika, hakuwa na hofu tena.

Serikali ilihesabu wasiojua kusoma na kuandika wakishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Kazi ya namna hii imo ndani ya tarakimu hizo, bila jina.

Binti mmoja wa marehemu, nilipomsimulia haya, alinyamaza kidogo. Anachokumbuka yeye ni chakula cha Jumapili kuchelewa, na wadogo zake wakilia njaa nje ya kanisa. Walidhani mama anapiga soga. Kwa nini hakuwaambia? Mumewe alilichukuliaje? Na kina mama wale walikuwa wangapi?

“Ningemuuliza mwenyewe,” alisema mwinjilisti. “Lakini mimi huitwa mtu akishakufa.”

Anaandika kwenye daftari za kaunta, kwa mkono, macho yamepungua nguvu, na hana anayemrithi. Usharika wake umtafutie kijana wa kukaa naye angali na nguvu za kusimulia. Nawe msomaji, kama mama yako aliwahi kushika chaki na bado yupo, muulize alimfundisha nani nje ya darasa, uandike na majina.