Je, Wajua? Stenlesi Huugua Kando ya Weldi

Je, wajua kwamba kipande cha stenlesi kilichochomelewa na fundi hodari, kikivutwa na mashine hadi kikatike, mara nyingi hukatikia kwenye bamba lenyewe, wala si kwenye weldi? Chuma cha mshono kimeyeyuka kikaganda upya. Ukikitazama kwa hadubini, kimejipanga matawi matawi madogo kama ya mti.

Chukua sumaku. Ipitishe juu ya meza ya stenlesi ya aina ya 304: haishiki. Ifikishe kwenye mshono, nawe utaihisi ikivutwa kidogo mkononi. Kinachoivuta ni feriti, chuma ambacho atomi zake zimejipanga kwa namna nyingine. Kwa kawaida huwa asilimia 3 hadi 10 ya mshono, na watengenezaji wa fimbo za kuchomelea huipangia nafasi yake kwa makusudi. Ikikosekana, salfa na fosforasi hujikusanya kati ya chembe za chuma weldi inapoganda, na mshono hupasuka ungali wa moto.

Basi hatari iko wapi? Milimita chache kando. Stenlesi haishiki kutu kwa kuwa ina kromi isiyopungua asilimia 10.5, ambayo huungana na oksijeni na kuuvika uso wake utando mwembamba usioonekana kwa macho. Kando ya weldi chuma hakiyeyuki, ila hupita katika joto la kati ya nyuzi 425 na 850 za Selsiasi. Kikikawia humo, kaboni huifuata kromi kwenye mipaka ya chembe na kuikamata. Tena ni mlafi: atomi 6 za kaboni hujifungia atomi 23 za kromi! Mipaka hubaki bila kinga, na tindikali ikija hupenya humo humo, mpaka kwa mpaka, huku weldi yenyewe ikiendelea kung'aa.

Kampuni ya Budd ya Philadelphia, Marekani, iliushinda ugonjwa huu kwa kasi. Injinia wake, Earl Ragsdale, alipitisha umeme mkali kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, joto likaisha kabla kaboni haijapata nafasi. Njia hiyo ikaitwa Shotweld. Mwaka 1931 Budd iliunda ndege ya stenlesi, BB-1 Pioneer, ambayo tangu 1935 iliwekwa nje ya makumbusho ya Franklin Institute, ikakaa miongo mingi katika mvua na theluji. Kisha likaja treni la Pioneer Zephyr, lililochomelewa kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 26 Mei 1934 lilitoka Denver hadi Chicago, zaidi ya kilomita 1,600, kwa saa 13 na dakika 5. Kwangu mimi, hakuna jaribio la viungo lililo zuri kuliko safari ile.

Siku hizi fundi hununua 304L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, au 321 yenye titani inayoiwahi kaboni kabla ya kromi.

Na zile rangi za dhahabu, zambarau na buluu kando ya mshono si urembo. Ni utando ulionenepa kwa joto, na chini yake kromi imepungua. Ziondolewe zote, kwa dawa maalumu ya tindikali au kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kusugua chuma cha kawaida, maana chembe za chuma hicho zikibaki juu ya stenlesi zitashika kutu.