Kweli au Uongo: Boksi la Kuwashia Mota ya Mashine ya Kusaga

Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, wa kwanza kulaumiwa ni umeme: ulikuja mwingi, ulikuja kidogo, ulikatika ghafla. Mara nyingi kosa liko kwenye boksi la ukutani, lile lenye kitufe cha kijani na chekundu, na lilifanyika siku vifaa viliponunuliwa. Tuchukue mota ya kilowati 15 ya umeme wa njia tatu, ambayo kwa volti 400 hula kama ampea 29, tuyapime yanayosemwa dukani.

"Weka breka kubwa, mota iko salama."

Uongo, tena uongo wa gharama. Breka inalinda waya, hasa shoti ikitokea. Dhana hii imetokana na usumbufu wa kweli: mota inapoanza kuzunguka huvuta mara sita hadi nane ya ampea zake za kawaida kwa sekunde chache. Breka ya aina C hukata papo hapo ikifikishiwa kati ya mara 5 na 10 ya ampea zake, kwa hiyo ya 32 inaweza kuruka kila ukiwasha. Fundi mwenye haraka anaweka ya 63 na kusaga kunaendelea. Sasa mota iliyoelemewa inaweza kuvuta ampea 45 mchana kutwa na breka isijue lolote. Breka inayovumilia mwanzo huo ni ya aina D, inayongoja mara 10 hadi 20.

Mlinzi wa mota yenyewe ni ovalodi, kile kifaa kinachokaa chini ya kontakta (swichi inayowasha mota), chenye kijigurudumu cha kuzungusha kwa bisibisi. Kinatakiwa kisomeke ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Kwenye vibanda vingi utakikuta kimezungushwa hadi mwisho, kwa sababu "kilikuwa kinakata kata". Kilikata kwa kuwa chekeche imeziba, beringi imechoka au mahindi hayajakauka, na hakuna aliyekwenda kutazama huko.

"Kontakta imeandikwa 32, mota inakula 29, inatosha."

Inategemea 32 hiyo imeandikwa mbele ya nini. Ubavuni mwa kontakta kuna namba mbili: AC-1 ni ya mizigo kama hita, AC-3 ni ya mota. Kontakta yenye 32 kwa AC-1 inaweza kuwa na 18 tu kwa AC-3. Muuzaji husoma ile kubwa.

"Mota yoyote kubwa unaweza kuiwasha kwa staa-delta."

Uongo, na hapa ndipo kibati kinapokuwa na sauti kuliko fundi. Ukikuta 400/690, au 380/660 kwa zile za zamani, mota hiyo imesukwa ifanye kazi kwa delta kwenye umeme wetu, na staa-delta, yaani kuianzisha kwa staa kisha kuihamishia delta, inaifaa. Ukikuta 230/400, koili zake ni za volti 230: kwenye njia tatu za volti 400 inafungwa staa tu. Ukiipeleka delta, kila koili inapata volti 400 na utasikia harufu ya vanishi kabla hujalifikia boksi.

Hata ile inayofaa ina masharti. Ikiwa staa, ampea za kuanzia zinashuka hadi theluthi moja, lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi. Ndiyo maana wasagaji wa zamani husema usifungulie mahindi mpaka mashine ichanganye. Hiyo ni kweli kabisa. Na ovalodi ikiwa imefungwa kwenye waya zinazokwenda kwenye koili, inawekwa 0.58 ya ampea za kibati, yaani kama 17 badala ya 29. Ukiiacha kwenye 29, ni kama hukuinunua.

"Njia moja ikikatika, mota itasimama."

Ikiwa imesimama, haitawaka, itanguruma tu. Ikiwa inazunguka, huendelea kwa njia mbili zilizobaki, ambazo sasa huvuta takriban mara 1.7, na zaidi mzigo ukiwa mzito. Rilei ya kuchunga fezi, yaani hizo njia, huikata mapema, na bei yake haifiki popote karibu na gharama ya kusuka mota upya.

"VFD inapunguza bili."

Kwa pampu na feni, kweli: ukitumia kifaa hiki cha kubadilisha mwendo wa mota kupunguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Mashine ya nyundo inataka mwendo wake wote ili isage, kwa hiyo hakuna cha kupunguza, na VFD yenyewe hula umeme kidogo. Ukiinunua ili iwashe taratibu isitikise laini ya majirani, umefanya la maana. Bili ya umeme itabaki palepale.