Skleroderma: Askari wa damu wanapougeuzia mwili silaha

UGONJWA wa skleroderma, ambao huifanya ngozi ya binadamu kukakamaa mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa, si ugonjwa wa ngozi pekee kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya vurugu yake hutokea ndani ya damu, miongoni mwa chembechembe zile zile zilizoumbwa ili kuulinda mwili.

Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ngozi ngumu. Aina inayovuka ngozi na kuingia katika viungo vya ndani, kama vile mapafu, moyo, figo na utumbo, huitwa na madaktari sklerosisi ya mfumo mzima wa mwili.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1753, daktari Carlo Curzio wa mji wa Naples, Italia, aliandika habari za msichana wa miaka 17 ambaye ngozi yake ilikuwa imekauka na kukaza. Siku ya Skleroderma Duniani huadhimishwa Juni 29, tarehe aliyofariki mchoraji Paul Klee mwaka 1940, ambaye anaaminika kuwa aliugua maradhi hayo.

Wanawake huupata ugonjwa huu zaidi kuliko wanaume, kwa uwiano unaokaribia wanne kwa mmoja, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50. Hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala chumba kimoja na mgonjwa.

Dalili za mwanzo

Kwa wagonjwa walio wengi, dalili ya kwanza huonekana kwenye vidole. Mtu anapopatwa na baridi au fadhaa, mishipa midogo ya damu hujibana, vidole vikafa ganzi, vikapauka, kisha vikageuka rangi ya samawati na baadaye nyekundu. Hali hiyo ilielezwa na daktari Maurice Raynaud wa Ufaransa mwaka 1862, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kwa watu wenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo ya rangi huweza kuwa vigumu kuonekana, hivyo ganzi na maumivu huwa ndivyo viashiria vya kuzingatiwa.

Si kila mwenye hali hiyo ana skleroderma. Hata hivyo, ikiambatana na kuvimba kwa vidole, ngozi kukaza, kiungulia kisichokoma au kuishiwa pumzi, uchunguzi wa daktari hauna budi kufanyika haraka.

Kinachotokea ndani ya damu

Katika hali ya kawaida, chembechembe nyeupe za damu hufanya kazi kama askari. Zipo limfosaiti B, ambazo hutengeneza kingamwili. Limfosaiti T, ambazo huratibu mapambano. Na monosaiti, ambazo huingia katika tishu kusafisha na kukarabati palipojeruhiwa.

Kwa mgonjwa wa skleroderma, makundi yote hayo huonekana kwenda kombo. Mwaka 2004, watafiti wa Japani walibaini kwamba katika damu ya wagonjwa hao limfosaiti B changa, ambazo bado hazijakutana na adui, zilikuwa nyingi kupita kiasi. Zile zenye kumbukumbu zilikuwa chache, lakini zenye hamasa isiyo ya kawaida. Aidha, utambulisho uitwao CD19, ulio juu ya limfosaiti hizo na unaozichochea kufanya kazi, ulikuwa umeshapatikana kuwa juu kwa takriban asilimia 20.

Limfosaiti T nazo humwaga kemikali, zikiwamo interlukini 4 na 13, ambazo huziamuru chembe za fibroblasti kutengeneza kolajeni. Kolajeni ndiyo malighafi ya kovu. Mtu wa kawaida anapojikata kwa kisu, kovu hujengwa na kazi hiyo husimama. Kwa mgonjwa huyu agizo la kusimama halifiki, na kovu huendelea kujengwa mahali pasipo na jeraha.

Mwaka 2014, utafiti uliochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine uliongeza jambo jingine. Kundi dogo la chembechembe za kinga lilionekana kutoa kwa wingi protini iitwayo CXCL4, na kiwango chake katika damu kilihusiana na kukakamaa kwa mapafu na shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu. Maradhi hayo ya mapafu ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo vya wagonjwa wa skleroderma.

Kingamwili nazo humsaidia daktari kutabiri. Zinazolenga sentromia huambatana zaidi na aina ya ugonjwa inayokwenda polepole. Zinazolenga topoisomeresi 1 huashiria hatari ya mapafu kukakamaa. Na zinazolenga RNA polimeresi 3 hutahadharisha juu ya figo.

Tiba na tahadhari

Figo zilikuwa tishio kubwa zaidi zamani. Kabla ya dawa za kundi la kaptoprili, ni asilimia 15 tu ya waliopatwa na shambulio la ghafla la figo waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja. Takwimu za Marekani zilizotolewa mwaka 1990 zilionyesha kuwa kwa waliopewa dawa hizo kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 76.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba dawa za steroidi, ambazo watu wengi huzizoea kwa maumivu ya viungo, huweza kuchochea shambulio hilo, hasa prednisoloni ya miligramu 15 au zaidi kwa siku. Kwa sababu hiyo, mgonjwa hapaswi kujinunulia dawa hizo bila ushauri wa daktari.

Kwa upande wa kinga, Japani iliidhinisha mwaka 2021 matumizi ya rituksimabu, dawa inayofagia limfosaiti B, baada ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 56 kuonyesha kuwa ngozi yao ililainika. Njia kali zaidi ni kuung'oa mfumo wa kinga na kuupanda upya kwa seli shina za mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo imerefusha maisha ya wengi, lakini katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2014, takriban mmoja kati ya kila kumi waliofanyiwa alifariki katika mwaka wa kwanza kutokana na tiba yenyewe.

Matumaini mapya yametoka mji wa Erlangen, Ujerumani. Mwaka 2024, madaktari wa huko walitoa taarifa za wagonjwa 15 wa maradhi ya kinga, wanne kati yao wakiwa na skleroderma. Limfosaiti T za kila mgonjwa zilitolewa, zikabadilishwa maabara ili ziwinde CD19, kisha zikarudishwa mwilini. Limfosaiti B zilitoweka, na ziliporejea baada ya wastani wa siku 112 zilikuwa changa. Wagonjwa wote waliacha dawa za kushusha kinga.

Wagonjwa wanne ni wachache mno kuitwa ushahidi wa kutosha, na tiba hiyo ni ghali. Aidha, kovu lililokwishajengwa ndani ya mapafu ni vigumu kuliondoa. Kwa sasa silaha iliyo karibu na mgonjwa ni kuwahi hospitali vidole vinapoanza kufa ganzi na kuvimba, kabla pumzi haijaanza kupungua.