Fahamu: Kwa nini kichwa cha mtoto hubapa upande mmoja

Kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, mjini Uvira, mtoto afungwaye mgongoni kwa kikwembe ana bahati: kisogo kinapumzika. Fuvu la mtoto mchanga ni laini, mifupa haijaungana. Akilala ameelekea upande uleule kila siku, hapo panabapa. Marekani, madaktari waliposhauri mwaka 1992 watoto wasilazwe kifudifudi, vifo vya ghafla usingizini vilipungua, vichwa bapa vikaongezeka. Afadhali hivyo, kwa maoni yangu. Basi mtoto alale chali, umgeuze kichwa kwa zamu. Akiwa macho, mlaze kifudifudi ukimwangalia. Vichwa vingi hurudi umbo lake watoto wakianza kukaa. Kukandakanda kichwa hakusaidii. Utosi ukivimba au shingo ikikataa kugeuka, mpeleke kituo cha afya.