Moyo na Mazoezi ya Mwili

Keti kimya kwa dakika 5. Kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika 1. Ruka kamba kwa dakika 1, uhesabu tena. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu asiruke. Ahesabu mapigo ya mwenziwe.

Kwa nini mapigo yameongezeka? Misuli ifanyapo kazi huhitaji oksijeni na chakula zaidi. Vitu hivyo huletwa na damu isukumwayo na moyo.

Moyo nao ni msuli. Ukizoezwa hupata nguvu. Mtu mzima apumzikapo, kwa kawaida huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mkimbiaji hodari wa mbio ndefu aweza kuwa na 40 tu, kwa kuwa kila pigo la moyo wake husukuma damu nyingi.

Andika hesabu zako daftarini. Fanya mazoezi kila siku, na mwisho wa muhula uhesabu tena ulinganishe.