Mtoto Hajawa Mjinga, Lugha Ndiyo Iliyobadilika

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, nyumba nyingi hushughulika na sare, madaftari na viatu vya mtoto aliyechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza. Wazazi hujinyima ili asipungukiwe. Lakini, ndugu msomaji, kuna kitu kimoja ambacho hakiuzwi Kariakoo wala hakiandikwi katika orodha ya mahitaji ya shule, nacho ni lugha ya kusomea. Mtoto aliyefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, sasa atafundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza.

Miezi michache baadaye huletwa taarifa ya maendeleo. Aliyekuwa wa tatu darasani amekuwa wa hamsini. Baba hukunja uso, mama hushika tama, na neno "mvivu" huanza kusikika nyumbani. Makala haya yanakusihi usilitamke neno hilo kabla ya kuelewa yaliyomfika mwanao.

UJUZI ANAO, MANENO HANA

Mfikirie mtoto huyo katika somo la hesabu. Anaijua KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, na anaijua KKS. Angeweza kuzitafuta hata taa ikiwa imezimwa. Katika Kidato cha Kwanza hesabu ni zile zile, ila herufi alizozizoea hazionekani tena. Akiingia katika somo la baiolojia, anajua tayari kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, jambo aliloliita usanisinuru. Sasa jambo lile lile linamjia kwa jina refu la asili ya Kigiriki, na maelezo yake yamo katika sentensi ambazo hajapata kuzisoma.

Basi hunyamaza. Akiulizwa swali hutazama chini. Akiambiwa aandike, hunakili ubaoni neno kwa neno. Mwalimu mwenye huruma hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari kwa Kiingereza. Somo hueleweka, lakini karatasi ya mtihani haina huruma hiyo: maswali ni ya Kiingereza na majibu yanatakiwa kwa Kiingereza. Baada ya miaka miwili tu hukutana na Upimaji wa Taifa wa Kidato cha Pili, na anayeshindwa hurudia darasa. Ndipo tunapoweza kumpoteza mtoto ambaye akili yake haikuwa na kasoro yoyote.

SI JAMBO LA JANA

Mwaka 1967 taifa letu liliamua kwamba elimu ya msingi itolewe kwa Kiswahili. Uamuzi huo uliwafungulia watoto wa wakulima na wafanyakazi mlango wa elimu. Sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari pia. Serikali haikulipitisha pendekezo hilo, na Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, nayo imeacha Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia sekondari.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Mwaka 1987 ukaanzishwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa lugha hiyo kwa msaada wa Uingereza. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapatia wanafunzi vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi. Wazo lilikuwa kwamba mtoto asome kwanza anachokiweza, apande ngazi pole pole.

MSAADA ULIOPO NA MPAKA WAKE

Sekondari zetu huwa na kozi ya utangulizi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Kwa majuma kadhaa hufundishwa msamiati na sentensi za kutumia darasani kabla ya kuzama katika masomo yenyewe. Ni jambo jema. Hata hivyo lugha si sare ya kuvaliwa siku moja. Mtoto huhitaji miaka ya kusikia, kusoma, kukosea na kusahihishwa. Ikiwa darasa limejaa na vitabu ni haba, majuma hayo hupita kabla baadhi ya watoto hawajapata nafasi ya kufungua kinywa.

Baya zaidi ni adhabu kwa mwanafunzi anayesikika akiongea Kiswahili shuleni. Viboko havijapata kumfundisha mtu Kiingereza. Humfundisha kukaa kimya, na aliyekaa kimya hajifunzi lugha.

MZAZI AFANYE NINI?

Mzazi usiyejua Kiingereza usijione huna la kufanya. Jioni, mwambie mwanao akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa mchana. Akiweza kukueleza, somo limemwingia na kilichobaki ni lugha. Akishindwa, mmejua wote wawili pa kuanzia. Mtafutie kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hata iliyokwisha kutumika. Muulizie kama karibu nanyi pana maktaba, achukue vitabu vyepesi vya hadithi, hata vya watoto wadogo kuliko yeye. Wadogo zake wasimcheke akisoma kwa sauti.

Na katika mkutano wa wazazi, usiishie kuuliza habari za michango. Uliza kozi ya utangulizi ilichukua majuma mangapi, vitabu vyake viko wapi, na shule ina mpango gani kwa watoto ambao bado wanababaika. Maswali hayo ni haki yako, nayo humwezesha mwalimu mkuu naye kudai vifaa anavyovihitaji.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtoto akipata maneno machache kila siku, na asiyeitwa mjinga akiyatafuta, atafika. Akiachwa peke yake na ukimya wake, tutakuwa tumemvalisha sare mpya na kumnyima elimu yenyewe.